Bafu Moja, Foleni Nne

Mke wangu alipotangaza kwamba anataka kusomea sheria, hesabu iliyotutia hofu ilikuwa ya ada. Hakuna aliyelifikiria bafu.

Tunakaa Silver Spring, Maryland, nje kidogo ya Washington. Ghorofa ya tatu, vyumba viwili vya kulala, sebule, jiko na bafu moja ambalo choo kimo humohumo. Watu sita. Kuna Bibi, yaani mama yangu mzazi, aliyekuja kutoka Tanga kutusaidia watoto. Kuna Shemeji, mdogo wake mke wangu, anayeendesha teksi ya mtandaoni usiku kucha na kulala sebuleni mchana kutwa. Kuna watoto wawili, ambao humu nitawaita Kifungua na Kitinda, kwa kuwa yule mkubwa keshafika umri wa kusoma anachoandika baba yake na kudai fidia. Halafu kuna mwenye nyumba, yaani mke wangu, ambaye humu ni Mama, na mimi, Baba.

Kwetu Tanzania kijana akimaliza kidato cha sita na ufaulu wa kutosha huingia shahada ya sheria moja kwa moja, na akitaka kuwa wakili anamalizia Law School pale Dar es Salaam. Marekani wanakutaka kwanza uwe na shahada ya kitu kingine chochote. Mke wangu alikuwa nayo. Alikuwa karani katika ofisi ya mawakili wa uhamiaji, kazi yake kujaza fomu na kuwakalimania wateja wa Kiswahili, wengi wao Wakongo, na alishachoka kutafsiri ushauri ambao yeye mwenyewe angeutoa vizuri zaidi. Kilichobaki kilikuwa mtihani wa kujiunga, LSAT, ambao upo tangu 1948 na hauulizi sheria hata moja. Unapima kusoma na kufikiri. Alama zake zinaanzia 120 na kuishia 180, kwa hiyo hata aliyekosa kila kitu huondoka na mia na ishirini zake mkononi. Bibi aliposikia hivyo alisema Wamarekani wana adabu.

Mpaka katikati ya 2024 mtihani huo ulikuwa na sehemu moja iliyowaliza watu wengi, sehemu ya michezo ya mantiki. Michezo minne, maswali ishirini na kitu, dakika 35 kwa yote. Kila mchezo unaanza na kisa kifupi kisicho na maana yoyote: madaktari saba wanapangiwa zamu, au vitabu sita vinapangwa kwenye rafu, au mafundi watano wanagawanywa katika nyumba tatu. Yanafuata masharti. Huyu hawezi kukaa jirani na yule. Huyu lazima awe kabla ya fulani. Fulani akiwa Jumatatu, mwenzake asiwe Ijumaa. Baada ya hapo wanakuuliza nani anaweza kuwa wa tatu, na dakika zinakwenda.

Bibi alichungulia kitabu, akasomewa mmoja, akauliza: “Hii si ile ya chui, mbuzi na majani?” Ilikuwa ndiyo hasa, ila ya mtoni ina mtumbwi na hii ina saa ya ukutani.

Mke wangu alianza vibaya kisha akaipenda michezo ile kuliko sehemu zote, na sababu yake naiona ya kweli kabisa. Sehemu za kusoma zilimtaka ashindane kwa Kiingereza na watu walionyonya Kiingereza. Michezo haikuwa na misamiati. Ilikuwa na herufi, mistari na “kama… basi”. Ukishajua kuchora mchoro wako, wewe na aliyezaliwa Boston mko sawa. Walimu wa mtihani huo wanasema sehemu ile ndiyo ilikuwa rahisi kufundishika kuliko nyingine zote, na nyumba yetu ni shahidi, maana mpaka mwezi wa nne kila aliyelala chini ya paa lile alikuwa ameambukizwa. Shemeji ndiye aliyeathirika zaidi. Alikuwa akirudi alfajiri anamwinamia dada yake begani na kusema, “Dada, wa tano hawezi kuwa huyo,” na dada anamfukuza kwa rula.

Mke wangu alikuwa na haraka, na haraka hiyo ilikuwa na chanzo. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba michezo ingeondolewa kuanzia mtihani wa Agosti 2024. Wasioona wawili walikuwa wamefungua kesi wakisema kwamba sehemu inayomtaka mtu achore michoro haipimi akili ya asiyeona, inapima macho yake. Shauri likaisha kwa makubaliano mwaka 2019, na waandaaji wakajifunga kutafuta njia nyingine ya kupima fikra. Mke wangu alisoma habari zile zote, akasema wale watu wana haki na yeye angewatetea bure. Akaongeza kwamba angeomba tu utekelezaji usubiri amalize yeye. Mtihani wa Juni ndio ungekuwa wa mwisho wenye michezo, akajiandikisha wa Juni.

Sasa, mtu akishinda na masharti kichwani, hawezi kuiona foleni ya bafu ikabaki foleni ya bafu. Asubuhi moja tulikuta karatasi kwenye friji, imebanwa na sumaku. Nafasi sita za robo saa, kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa kumi na mbili na nusu. Watu sita, kila nafasi mtu mmoja, na kila mtu kwa herufi yake. Hapo tu shida ikaanza. Watunga mtihani huchagua majina yasiyogongana herufi ya mwanzo, lakini nyumba yetu haikutungwa na kamati. Bibi ni B na Baba ni B. Kwa heshima ya umri, Bibi alibaki na herufi kubwa, mimi nikawa b ndogo.

Masharti yalikuwa matano, na kila moja lilikuwa na sababu yake.

Mama ni wa nne, siku zote. Anafanya sehemu nzima ya mazoezi kwa dakika 35 kabla hajaoga. Bibi yuko kabla ya Kifungua, kwa sababu ndiye anayemsuka nywele, na yeye hagusi kichwa cha mtu kabla mwenyewe hajajimwagia maji. Kitinda yuko mara tu baada ya Kifungua, kwa kuwa dada yake ndiye kiumbe pekee anayeweza kumwingiza yule mtoto majini. Bibi na Shemeji wasifuatane, awe yeyote mbele. Hilo lilikuwa la tangi: Shemeji husimama chini ya bomba la mvua mpaka maji ya moto yakate, na Bibi, ambaye haliamini bomba la mvua, hujaza ndoo mbili kubwa za moto na kuoga kwa kata. La tano lilikuwa langu, nililolipigania mezani: kama Baba ni wa kwanza, Shemeji awe wa mwisho. Nilitaka siku moja moja niingie bafuni kioo hakijapata ukungu.

Watu sita wakiachiwa wajipange watakavyo, foleni zinazowezekana ni 720. Mke wangu alitufanya tukae tuone zinavyokwisha. Mama kashika ya nne. Kifungua na Kitinda wanakwenda pamoja kama kichwa na mkia wa treni, kwa hiyo wanaingia ama ya kwanza na ya pili, ama ya pili na ya tatu, ama ya tano na ya sita. Ya kwanza na ya pili haiwezekani, kwa kuwa Bibi atamtangulia Kifungua wapi? Wakiwa ya pili na ya tatu, Bibi anakuwa wa kwanza, na mimi na Shemeji tunabaki kugawana ya tano na ya sita. Hizo ni foleni mbili. Wakiwa ya tano na ya sita, mbele tunabaki watatu, Bibi, Shemeji na mimi, na kwa kuwa wale wawili hawafuatani, mimi nawekwa katikati kuwatenganisha. Foleni mbili nyingine. Jumla nne.

“Umeona?” mke wangu akaniuliza, macho yanamng’aa.

Niliona. Mimi naweza kuwa wa pili, wa tano au wa sita. Wa kwanza siwezi kuwa kamwe. Sharti langu halikuvunjwa na mtu, wala halikukataliwa; lilikaa pale kwenye friji halina kazi, kwa sababu kile kilichokuja baada ya “kama” hakitatokea mpaka kiama.

“Shemeji, pole,” Shemeji akaniambia. “Lakini mchoro ni mzuri.”

Foleni zile nne zilizunguka vizuri kwa muda. Aliyeziharibu ni Bibi, na aliziharibu kwa huruma. Zile siku ambazo watoto wanaingia ya pili na ya tatu, Kitinda anatakiwa kuwa majini saa kumi na moja na nusu alfajiri. “Mtoto wa miaka saba,” Bibi alisema, “kosa lake nini?” Akaacha kubishana. Bila kumwambia mtu akawa anamwacha alale, na ikifika saa moja kasorobo anatoka naye kwenye roshani na beseni la plastiki, anamsugua kwa dodoki huku jua la Maryland linachomoza. Maji yakiisha kazi anayamimina pembeni palepale. Roshani zetu ni za mbao, na mbao zina mianya.

Jirani wa chini ana jiko la kuchomea nyama kwenye roshani yake, lenye kifuniko cha turubai. Alivumilia siku kadhaa akidhani ni umande. Siku alipogundua umande una povu, ikaja barua ya meneja wa jengo, imebandikwa mlangoni petu kwa gundi ya karatasi, inazungumzia “utiririshaji wa majitaka”. Mimi nilikasirishwa na barua. Mke wangu alikasirishwa na beseni.

“Mama,” alimwambia kwa unyenyekevu wote wa mkwe, “nilisema kila mtu nafasi moja, na kila nafasi mtu mmoja.”

“Ndiyo mwanangu. Na mimi nikampa nafasi yake. Ukasema lazima iwe bafuni?”

Mke wangu akafungua mdomo, akaufunga. Akaenda kwenye friji, akaongeza sharti la sita.

Ikaja siku yenyewe. Mtihani ungeweza kufanyiwa kituoni au nyumbani, mbele ya kamera ya kompyuta, na yeye alichagua nyumbani kwa sababu alikipenda kiti chake. Aliyeufanya nyumbani aliizungusha kamera chumba kizima waone kuta, meza na uvunguni, na msimamizi alimtazama kwa mbali mpaka mwisho. Hakuruhusiwa mtu mwingine kuwemo chumbani. Sehemu nne za dakika 35, na katikati mapumziko ya dakika kumi. Kuanza saa nne asubuhi.

Kwa hiyo kazi ilikuwa kuiweka nyumba kimya, na mke wangu aliipangia kama mchezo wa tano. Mimi nilikuwa na siku ya mapumziko, nikawekwa mlinzi wa korido. Shemeji, anayekoroma kama si mtu wa kilo sitini, angelala kwa rafiki yake. Bibi angewapeleka watoto uwanjani kwenye bembea hadi saa saba mchana. Bibi alikubali kwa kauli moja tu, na kauli hiyo ikaandikwa kwenye friji neno kwa neno: mvua ikinyesha, hatutoki.

Mke wangu alitazama utabiri wa hali ya hewa asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Hakuna mvua. Siku ikaamka mbingu nyeupe kama sahani. Saa tatu na nusu akaingia chumbani, akafunga mlango, akaanza kuionyesha kamera uvungu wetu.

Nikaenda sebuleni. Bibi amekaa, kajifunga kanga kifuani, ungo mapajani, anachambua mchele. Watoto wako chini na karata.

“Mama, mbona bado mpo? Mvua hakuna.”

“Naiona.”

“Si ulisema…”

“Nilisema ikinyesha hatutoki. Nani kakwambia isiponyesha tutatoka? Mguu umenikaza tangu jana. Na kuna simu naisubiri ya Tanga, ya mambo ya harusi.”

Mlango wa nje ukafunguliwa, Shemeji huyo. Rafiki yake kasafiri. Nikamweleza kwa kunong’ona, nikitegemea atakuwa upande wangu.

“Bibi yuko sahihi,” Shemeji akanong’ona. “Hilo ni kosa la kwanza kabisa wanalokuonya kitabuni. Kama A basi B haikwambii kitu A isipokuwepo. Dada hawezi kulikosea kwenye karatasi hata umwamshe usiku.”

Tulikuwa na dakika kumi na tano na nyumba yenye kuta nyembamba. Sebule inapakana na chumba cha mtihani. Chumba cha watoto kinapakana nacho upande wa pili. Kwenye roshani ya mbao hatukanyagi tena, kwa amri ya meneja. Kuwatoa nje watoto mimi mwenyewe kungeiacha korido kwa Shemeji, ambaye angesinzia kwa kusimama. Palibaki mahali pamoja tu pasipogusana na ukuta ule.

Tukaingia bafuni watu watano. Bibi akakalia mfuniko wa choo na ungo wake. Watoto wakakaa ndani ya hodhi la kuogea, kavu, juu ya blanketi. Shemeji akakaa sakafuni, kaegemeza mgongo kwenye kabati la sinki, akafungua kitabu cha michezo na kutoa kalamu. Mimi nikasimama mlangoni, mkono kwenye kitasa, kwa kuwa bado nilikuwa mlinzi wa korido. Kwa dakika sabini hapakusikika ila mchele ukipepetwa taratibu na Shemeji akigeuza ukurasa. Kitinda alilala. Sijawahi kuiona familia yangu ikitulia vile, hata msikitini.

Kisha kitasa kikazunguka mkononi mwangu.

Tulikuwa tumesahau kwamba mtu anayepewa dakika kumi baada ya dakika sabini anakwenda wapi. Mke wangu alisimama mlangoni akatutazama mmoja mmoja. Hakuuliza. Alinyoosha kidole koridoni, tukatoka: Bibi mbele, Shemeji nyuma yake, wamefuatana mguu kwa mguu kinyume cha sharti la nne, kisha Kifungua, kisha mimi. Mlango ukafungwa. Baada ya kitambo tukasikia pazia la hodhi likivutwa, ndipo Kifungua akasema, “Kitinda yumo.”

Nusu ya pili ndiyo iliyotuvunja. Tumerudi, tumekaa, simu ya Tanga ikaita. Bibi akaipokea kwa kunong’ona, lakini habari ya kwanza aliyopewa ilikuwa kwamba upande wa bwana harusi wamebadilisha tarehe, na hilo huwezi kulinong’onea. Shemeji, kwa nia njema, akanyanyuka kufungulia maji yafunike sauti. Bomba la sinki lilikuwa nyuma ya bega la Bibi, akafungulia la hodhi. Asubuhi ile yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kuoga, na kile kijiti cha kupeleka maji juu alikiacha vilevile.

Maji ya baridi yakawashukia watoto wawili na blanketi.

Mke wangu alituambia baadaye kwamba kelele ile ilimkuta kwenye mchezo wa tatu, swali la mwisho, sekunde chache baada ya kugundua kwamba fulani hawezi kuwa wa sita. Kikaja kisanduku cha ujumbe cha msimamizi: je, kuna mtu mwingine yeyote chumbani? Aliandika hapana, na ilikuwa kweli, maana swali halikutaja bafu. Akarudi kwenye mchezo.

Matokeo yalitoka wiki chache baadaye na yalitosha, hata yakazidi kidogo. Aliomba masomo ya jioni, akakubaliwa. Bibi alirudi Tanga kuwahi ile harusi yenye tarehe mpya. Ndipo Shemeji, bila kumwambia mtu, akajiandikisha mtihani wa Oktoba na kukinunua kitabu cha michezo cha dada yake kwa dola kumi na tano. Dada alizipokea. Mwezi wa tisa Shemeji akafungua mtihani wa majaribio, akakuta sehemu mbili za hoja, moja ya kusoma, na mchezo hata mmoja hakuna.

“Dada, ulijua!”

“Uliniuliza kama kitabu ni kizuri. Nikakwambia ni kizuri.”

Alidai dola zake kwa majuma. Mwishowe wakakubaliana wampigie Bibi, ahukumu. Bibi alisikiliza pande zote mbili bila kukatiza, kisha akauliza jambo moja tu: kitabu kiko katika hali gani? Shemeji akakiri kwamba huwa anakijaza uwanja wa ndege akisubiri abiria, kwa kalamu ya wino, na alishafika ukurasa wa mwisho.

“Basi hapo hakuna kesi,” Bibi akasema, akaomba azungumze na Kitinda.